Mama Ukoko na Sufuria Isiyo na Kitu

Kazi ya Mama Ukoko, tangu mwanawe wa kumzaa alipompandisha cheo, ilikuwa kukoroga sufuria isiyo na kitu. Usicheke. Ni kazi kama kazi nyingine, ina saa ya kuingia na saa ya kutoka, ina sare, na ina mtu wa kukufokea ukisinzia. Kila siku kabla ya saa ya chakula cha mchana alikalishwa kwenye kigoda karibu na mlango wa mkahawa, kitambaa kipya kichwani, aproni imepigwa pasi mpaka inakwaruza, mwiko mkononi. Mbele yake palikuwa na jiko la mapambo lenye kuni za plastiki zinazowaka taa nyekundu kwa ndani. Juu ya jiko, sufuria. Ndani ya sufuria, birika la umeme.

Birika lilikuwa la kutoa mvuke. Fundi umeme alitoboa kitako cha sufuria akapitisha waya, na birika likichemka mvuke unachungulia pembeni ya kifuniko, wageni wanaguna kwa raha huko nyuma ya kamba nyekundu walikozuiwa wasisogee. Sufuria yenyewe ni ile ile aliyopikia maharage tangu mwanawe hajaota meno. Siku ilipotobolewa alishika tumbo kama aliyetobolewa yeye. "Mama, sufuria zipo tele," mwanawe alimwambia. Zipo, ndiyo. Na akina mama nao wapo tele, mbona hakwenda kumtobolea wa mwenzake?

Huyo mwanawe watu wote walimwita Meneja. Wahudumu walimwita hivyo, mke wake alimwita hivyo, na mama yake pia alimwita hivyo akiwa na hasira, na siku hizi hakuwa na siku nyingine.

Zamani, kabla ya vioo na viti vyenye mito, Mama Ukoko alikuwa na kibanda chake cha chakula nyuma ya gereji ya mabasi. Bati juu, mabenchi marefu, na moshi uliojua mwenyewe pa kutokea. Madereva walikula pale, makuli, mafundi, na makarani wenye haya waliokaa wameupa mlango mgongo wasionekane. Ukoko wa wali ulikwanguliwa mwisho akapewa bure aliyewahi kuuomba, na watu wazima na ndevu zao waligombana kwa ajili yake mpaka wakanuniana. Ndipo jina likamganda.

Pale hakuna aliyekuuliza utakula nini. Ulinawa mikono, ukaenda moja kwa moja jikoni, ukafunua sufuria mwenyewe, hii, na hii, na ile ya nyuma, ukatazama, ukasema unachotaka. Mgeni asiyejua akikaa kwenye benchi kungoja kuhudumiwa, aliachwa angoje. Wenyeji walimtazama wakichekea vifuani mpaka mmoja amwonee huruma: "Nenda ukafunue, ndugu yangu, hapa hatusomewi." Mama Ukoko alikuwa na neno lake juu ya hilo. Alisema chakula kinachoogopa kuonekana kina jambo. Na mtu akifunua, yeye aligeuza uso pembeni ili amwache achague bila aibu.

Mwenyewe hakuwa anaonja. Hilo liliwashinda wapishi wenzake kulielewa. Wakati wa kupika hakutia mchuzi ulimini hata tone. Aliinamia sufuria, akavuta pumzi, akasema "chumvi bado," na kweli ilikuwa bado. Akiwa nje anachambua mchele alisikika akiita ndani, "Punguzeni moto, kitunguu kinataka kuungua," na kitunguu chenyewe ndiyo kwanza kinaanza kuwaza kuungua. Pua ndiyo iliyomfundisha kazi, na kwa pua hiyo alisomesha mtoto mpaka vyuo vya mbali vya biashara na hoteli.

Basi sikia jinsi mtu anavyotolewa jikoni kwake bila kusukumwa. Alishikwa na mafua, yale mazito ya kuziba kila kitu, na maharage yakaungua yeye amekaa pembeni yake. Ni kosa la mafua, likapita. Lakini mwanawe ndiyo kwanza alikuwa amerudi na vyeti vyake, keshaanza kulitazama lile bati kwa jicho la dharau, na kosa lile alilidaka kwa mikono miwili. "Mama, pua imezeeka," akasema, kwa sauti ya kubembelezea watoto. Akampeleka kwa daktari. Daktari akammulika puani, akamnusisha hiki na kile, kisha akazungumza na mwanawe pembeni wakati Mama Ukoko anavaa viatu. Njiani kurudi mwanawe akamshika mkono. "Daktari anasema ni umri. Haina dawa. Lakini usijali, Mama, nitakutunza."

Nitakutunza. Neno zuri hilo, hata mfuga kuku hulisema.

Kibanda kikavunjwa. Mkahawa ukajengwa kwenye barabara kubwa, na juu ya mlango ikapandishwa picha ya uso wake, pana kama dirisha, imeandikwa Kwa Mama Ukoko. Jikoni akaambiwa asiingie. Kuna cheti cha usafi, kuna wakaguzi wa afya, kuna mpishi aliyesomea mpaka akavishwa kofia ndefu. Akakubali. Nani agombanie jiko na pua iliyokufa?

Na jambo hilo la pua lilimla kuliko sufuria. Maana sabuni aliisikia. Petroli ya barabarani, viatu vya wageni, marashi ya mkwewe yanayoingia chumbani kabla ya mwenyewe, vyote hivyo alivinusa bila taabu. Lakini kigoda chake kilikuwa karibu na mlango wa jikoni pia, sahani zilimpita usoni zikifuka, na yeye hapati kitu. Si kitunguu, si nyama, si chochote. Jioni mkwewe alileta nyumbani chakula cha mkahawani kwenye makasha, wakala wote, na kila tonge lilikuwa kama kutafuna kitambaa. Akajisemea Mungu ana yake: amemwachia harufu zote za dunia, amechukua ile moja tu aliyokuwa anaitumia.

Hakumwambia mtu. Na kule nyumbani, ghorofani, kulikuwa na jiko zuri la umeme ambalo halikuwahi kuchemsha zaidi ya chai, lakini hakuligusa. Hakuna aliyemkataza. Aliogopa. Akipika pakaharibika, basi kesi imekwisha na yeye ndiye shahidi. Alitaka kitu kimoja duniani, kurudi jikoni, na alikuwa ameshaamini kwamba hana haki ya kukitaka.

Wakati yeye anakoroga hewa, jina lake lilipaa. Kwenye simu za wageni wa mji ule kulikuwa na orodha ya mambo ya kufanya, na yeye alikuwa mojawapo. Panda mnara wa simu uone mji mzima. Tembelea bustani ya wanyama. Kula mchana Kwa Mama Ukoko na upige picha na Mama mwenyewe akipika. Kisha nenda soko la vitambaa. Kwa hiyo wageni waliletwa kwake wakitokea moja kwa moja kwa simba, wakiwa bado wameshika simu zao juu, na yeye hakuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili, ila simba analishwa nyama kweli. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni walikuja kwa makundi, na mwenyeji alizidi kuugua.

Siku ambayo mambo yaliharibika, au yalitengemaa, inategemea unamuuliza nani, lilikuwepo kundi la wageni waliokwisha kula, wamesimama nyuma ya kamba, na mwongozaji wao, mwanamke mchangamfu mwenye kofia ya njano, alikuwa anawaeleza. "Huyu ndiye Mama mwenyewe. Tangu alfajiri yuko hapa anapika kwa kuni na kwa upendo." Mama Ukoko akafyonya. Alfajiri alikuwa kitandani na goti lake lililomsumbua tangu enzi za kibanda, na upendo ulikuwa umemwisha siku nyingi. Akakoroga. Mwiko ukagonga birika, kok, kok.

Ndipo akaingia Fundi Matairi.

Huyu alikuwa mteja wa kibandani tangu enzi, mtu wa kuziba pancha za mabasi, mfupi, mwenye viganja vyeusi visivyotakata kwa sabuni yoyote. Alikuwa ameacha kazi na kuhamia nje kabisa ya mji, na hakuwa ameonana na Mama Ukoko tangu kibanda kilipovunjwa. Leo alikuwa amevaa shati lililonyooka, na nyuma yake alikuwa mke wake na mkoba wa kutokea. Miaka yote ile ya ndoa yule mwanamke alikuwa akisikia sifa za maharage ya Mama Ukoko, maana mumewe hakuwa na adabu ya kunyamaza akila ya nyumbani. Safari hii alisema mwenyewe: nipeleke huko, nikayaone hayo maharage yanayonisimanga ndani ya nyumba yangu.

"Mama Ukoko," Fundi alisema, uso wote umemfunguka. "Kumbe upo."

"Nipo, Fundi. Habari za siku nyingi?"

"Salama kabisa. Huyu ndiye mwenzangu. Mke wangu, unaona, ndiye huyu niliyekuambia."

"Shikamoo, dada," mke akasema, kwa kuona mvi zilizochungulia chini ya kitambaa.

"Marahaba, mdogo wangu. Karibuni."

Na Fundi, kwa kuwa ameshakaribishwa, akafanya kile mtu wa kibandani angefanya hata akiwa usingizini. Mikono alikuwa ameshanawa bombani nje. Akainua mguu, akairuka kamba nyekundu, akamsogelea Mama Ukoko kwenye jiko, na huku akiuliza habari za goti lake, akashika kifuniko akafunua.

Mama Ukoko naye, kwa mazoea yale yale, akawa amegeuza uso pembeni ili amwache achague. Akili ilipomrudia, alikuwa amechelewa.

Fundi alitazama ndani ya sufuria. Akatazama tena, maana mvuke ulimpiga machoni. Mkewe akajinyoosha shingo juu ya kamba naye akaona. Likaja lile jambo ambalo Mama Ukoko hakulisahau. Fundi hakucheka, wala hakuuliza. Alikirudisha kifuniko taratibu, macho chini, kama mtu aliyesukuma mlango wa choo akakuta mwenyewe yuko ndani.

"Samahani, Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa natafuta maharage."

Ardhi ingepasuka angeingia na kigoda chake. Katika maisha yake alikuwa amefokewa na wakaguzi, ametukanwa na walevi, amepigiwa kelele na madereva wenye haraka, na yote hayo aliyajibu palepale kwa faida. Lakini kuombwa samahani na Fundi Matairi, mtu ambaye yeye ndiye aliyemlisha alipokuwa kijana hana hata spana yake mwenyewe, kwa kosa la kumkuta yeye Mama Ukoko anapika hewa, hilo halikuwa na jibu.

Meneja akatokea haraka, tabasamu la wageni usoni. "Msijali, wapendwa, mzee amepotea njia kidogo." Kisha kwa Fundi, meno yamebanwa: "Mzee, hapa havishikwi vitu. Haya ni maonyesho. Nyuma ya kamba, tafadhali. Au nje." Akamwashiria mlinzi.

"Tunatoka, baba, usisumbuke," Fundi akajibu. Hakutaka ugomvi, alikuwa amevaa shati zuri.

Mlinzi akaanza kuwasindikiza. Na pale mlangoni, mke wa Fundi, bila kelele na bila hila, akamwambia mumewe: "Na mimi sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi, kwa ajili ya chakula chake."

Mama Ukoko akasimama. Kigoda kikaanguka.

"Hakuna mtu anayetoka mlango wenye uso wangu na njaa," akasema. "Kaeni pale. Nyinyi wawili, kaeni pale mezani. Nawapakulia mwenyewe."

"Mama, mama, mama," Meneja akaanza. "Jikoni huruhusiwi, unajua."

"Niruhusu au usiniruhusu, kwani nilikuomba ruhusa kukuzaa?"

Akampita. Mhudumu mmoja alikuwa anatoka na sinia, mlango umeachama, naye akajipenyeza na aproni yake inayokwaruza, kwa mara ya kwanza tangu mkahawa ufunguliwe.

Jikoni kulikuwa na baridi. Hilo ndilo la kwanza. Jiko la watu wote wale, saa ya chakula, na kuna baridi kama chumba cha maiti. Kuta nyeupe, majokofu yamejipanga, mashine za kupashia zinalia ti, ti, ti. Hakuna mwiko, hakuna ubao wa kukatia, hakuna ganda la kitunguu sakafuni. Katikati amesimama mpishi wa kofia ndefu, mkasi mkononi.

"Moto uko wapi?" Mama Ukoko akauliza.

Mpishi akamtazama kwa woga. Alimjua kwa picha. "Hatuna moto, Mama. Tuna mashine."

"Maharage yanachemkia wapi?"

"Yanakuja yameiva. Yanatoka kiwandani. Mimi nakata mfuko, naweka kwenye mashine, yakilia natoa." Akaonyesha mkasi wake, kama anayetoa ushahidi kwamba haibi mshahara.

Mama Ukoko akachukua mfuko mmoja kutoka kwenye rundo. Mgumu, wenye barafu. Na juu yake, anatabasamu, alikuwa yeye. Kitambaa kile kile, mwiko ule ule. Ladha Halisi ya Mama Ukoko. Akamnyang'anya mpishi mkasi, akaukata uso wake katikati, akainamisha pua ndani ya mfuko na kuvuta pumzi kama zamani. Hakuna kitu. Plastiki na baridi. Hakujua amlaumu nani, mfuko au pua.

Pale pembeni, juu ya jokofu, kulikuwa na kopo la chakula limefungwa kwa leso. Kilikuwa chakula cha mchana cha mpishi. Alikuwa ameshaanza kukila kabla ya shughuli kumbana, na kifuniko hakikukaa sawasawa. Mama Ukoko alikuwa amelipa kopo hilo mgongo. Akageuka taratibu.

"Hiyo nani kapika?"

"Ipi, Mama? Hiyo? Mke wangu. Mimi hivi vya hapa sivili."

"Katia tangawizi nyingi mno."

Mpishi akaachama.

"Na kitunguu kimeungua kidogo. Upande mmoja tu. Sufuria yake imebonyea, ehe? Imebonyea kitako, moto unapiga upande mmoja."

"Imebonyea," mpishi akasema. "Nimemwambia tuinunue nyingine, hataki."

Harufu ile ilikuwa imemjia Mama Ukoko nzima nzima, kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu nyuma yake, na nyuma kabisa chumvi iliyotosha. Ingekuwa hadithi ya kanisani hapa angepiga magoti ashukuru. Yeye hakushukuru. Kilichompanda kilikuwa hasira, tena hasira ya kumtia kizunguzungu, kwa sababu alianza kuhesabu kwa kurudi nyuma. Makasha yote yale ya jioni. Kila tonge alilomeza kimya akiogopa. Usiku aliokaa kitandani akinusa sabuni, akinusa viatu, akijijaribu kama mtu anayebonyeza jino bovu.

Meneja alikuwa ameingia, amesimama mlangoni. Mpishi akajisogeza nyuma ya jokofu, na hakuna wa kumlaumu.

"Pua yangu ina nini?" Mama Ukoko akamuuliza mwanawe.

"Mama, twende nje, wageni—"

"Nimekuuliza. Pua yangu ina nini? Daktari alikwambia nini siku ile navaa viatu?"

Meneja akatazama mifuko. Akatazama mashine. Mtoto wa mtu hata aote ndevu za aina gani, mama yake anajua uso wake wa kuvunja kikombe, na uso ndio ule.

"Alisema ni mafua," akasema. "Alisema yatapita."

Kuna tusi lililomfika Mama Ukoko ncha ya ulimi, lile linalogusa jinsi mtu alivyopatikana. Akalimeza, kwa kukumbuka kwamba likitoka litarudi kwake mwenyewe.

"Ningekwambiaje, Mama?" Meneja akaendelea, na sauti yake ikaanza kupata nguvu, maana alikuwa anaamini anachokisema, na hapo ndipo ubaya ulipozidi. "Ningekwambia mwanao hakutaki jikoni? Biashara hii haiendi kwa kunusa. Watu wanataka chakula kile kile kila siku, kwa dakika, kisiharibike. Wewe ungepiga kelele, ungekataa. Nikaona afadhali ukubali mwenyewe. Ukae kwa heshima. Si unavaa vizuri? Si kila mtu anakujua? Nani katika wenzako wa kule gereji amepumzika hivi?"

"Ungeniambia hunitaki," Mama Ukoko akasema. "Ningekutukana wiki nzima, ningelia, ningekwenda kwa watu kukusema, na yangekwisha. Ningetafuta bati jingine. Sasa wewe umenipa ugonjwa nisiokuwa nao. Umeniacha nausema moyoni, nautunza, naona aibu nao. Mwizi akiiba sufuria anaiba sufuria tu, hakwambii kwamba huna mikono."

Meneja akatazama saa yake. "Tutaongea nyumbani," akasema.

Mama Ukoko akatoka. Wageni walikuwa wangali pale nyuma ya kamba, wameanza kunong'ona juu ya kigoda kilichoanguka, na mwongozaji wa kofia ya njano alikuwa anawatuliza. Mama Ukoko akaenda kwenye jiko la mapambo, akang'oa kifuniko, akalishika birika kwa mpini akalinyanyua juu, waya ukining'inia kwenye tundu la sufuria.

"Tazameni vizuri," akawaambia. "Hiki ndicho ninachokipika. Kuni ni taa. Chakula mlichokula kimetoka kwenye mfuko wa barafu, na sikukipika mimi, sikukinusa, sikukiona. Mimi hapa ni kama yule simba mliyetoka kumtazama. Wamewadanganya, na mimi wamenidanganya zaidi. Mkitaka kula kwenye mji huu, fuateni moshi, ingieni, funueni sufuria wenyewe. Asiyetaka mfunue, tokeni kwake."

Kisha mmoja akapiga makofi. Mwingine akafuata, na punde kundi zima lilikuwa linapiga makofi, simu juu, wanacheka kwa furaha, na bibi mmoja wa mbele akamwambia mwenzake kwamba hakutegemea kama kutakuwa na igizo pia. Mwongozaji, ambaye alikuwa ameelewa kila neno, aliinamisha kofia yake ya njano na hakupiga makofi. Lakini akaanza kuwahesabu watu wake, kundi lilikuwa linasubiriwa sokoni.

Mama Ukoko alisimama katikati ya makofi yale na birika mkononi. Hasira yake yote, ya kweli, ya kumtoa jasho, walikuwa wameila kama walivyokula maharage ya kiwandani, na hawakuona tofauti. Nyuma yao akamwona Meneja, na Meneja alikuwa anawatazama wageni, na usoni mwake, ndani ya ile aibu, wazo la biashara lilikuwa limeanza kupambazuka. Hilo ndilo lililommaliza.

Akaliweka birika chini. Akafungua aproni, akaitundika kwenye kamba nyekundu. Akawaendea Fundi na mkewe, waliokuwa wamekaa kwenye ukingo wa viti kama watu wanaongoja kwenye ofisi ya serikali.

"Mdogo wangu, kwako kuna jiko?"

"Lipo, dada," mke wa Fundi akajibu. "La mkaa."

"Maharage?"

"Niliyaloweka jana. Nilijua tukirudi huyu bwana atasema hakushiba."

"Twendeni."

Fundi akataka kusema ni mbali, ni mabasi mawili, na goti je. Mkewe akamfinya. Wakatoka. Walikuwa wameshafika kwenye ngazi za barabarani, chini ya ile picha pana kama dirisha, Meneja alipowafikia akihema, tai imemwendea upande.

"Mama, usinifanyie hivi. Nitakujengea jiko. Dogo, la kwako, nyuma. Nitaweka na kioo, watu wakuone ukipika kweli. Umeona walivyopenda."

Mama Ukoko akaendelea kushuka, mkono mmoja begani kwa mke wa Fundi.

"Mama, basi kesho tu. Kesho kuna kundi kubwa, wamelipia kukuona. Nitawaambia nini?"

Hapo akasimama, akageuka. Hakupaza sauti. Aliongea naye taratibu, kama anavyomwagiza mtu dukani asije akasahau.

"Waambie nimekufa. Wewe si hodari wa kunisemea? Kwa daktari ulinisemea, na kwao nisemee. Na wakikuuliza mama yako alikufa na nini, waambie njaa."